Je, Wajua? Afya ya Mtoto Masasi na Newala

Magonjwa yanayowaangusha watoto wetu, kuanzia mitaa ya Mkomaindo, Masasi, hadi ukingoni mwa Newala, ni machache na yanajulikana: homa, kuhara, kifua, lishe duni na hatari za siku za kwanza za uhai. Karibu yote yana tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo imo kwenye zahanati ya jirani. Kinachotuponza mara nyingi ni kuchelewa. Soma, kisha msomee na jirani.

HOMA

Je, wajua kwamba chikungunya, ugonjwa unaofahamika leo katika nchi zaidi ya 100, uligunduliwa kwetu na hadi sasa unabeba jina la Kimakonde? Mlipuko wake ulianza katikati ya mwaka 1952 katika vijiji vya uwanda wa Makonde na kuendelea hadi mapema 1953. Daktari Marion Robinson na mtafiti W.H.R. Lumsden walichapisha taarifa zake mwaka 1955, na mwaka uliofuata R.W. Ross akaeleza virusi vilivyopatikana katika mlipuko huo wa Newala.

Je, wajua kwa nini ulishika kasi huku juu? Maji ya uwandani ni ya shida, kwa hiyo kila nyumba ilihifadhi maji ndani, na mbu aina ya Aedes akapata mazalio chini ya paa la mwenye nyumba. Mbu huyo bado tunaye. Mayai yake hunata kwenye kuta za mtungi au pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakingoja maji. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki sugua kuta za chombo kwa brashi, kisha kifunike vizuri.

Je, wajua kwamba Aedes huuma mchana? Mtoto mchanga anayelala saa nne asubuhi anahitaji chandarua sawa na anayelala saa nne usiku.

Je, wajua kwamba mama akiugua chikungunya siku anazojifungua anaweza kumwambukiza mtoto? Hilo lilionekana wazi katika mlipuko wa kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, ambako baadhi ya vichanga waliugua vibaya. Mjamzito mwenye homa na maumivu ya viungo asisubiri, aende kituoni.

Je, wajua kwamba aspirini haifai kutuliza homa ya mtoto? Dawa salama ya kuanzia ni parasetamo, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake. Parasetamo hushusha joto tu, haiondoi malaria wala nimonia. Homa ikishuka kwa dawa hiyo, safari ya zahanati iko palepale.

Je, wajua kwamba Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi kwa watoto nchini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 wa chini ya miaka mitano mkoani humu ana vimelea vya malaria. Wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

Je, wajua kwamba mpango wa kugawa vyandarua kupitia wanafunzi ulianzia kusini? Mwaka 2013 Lindi, Mtwara na Ruvuma ilikuwa mikoa ya kwanza, na watoto wakabeba vyandarua kutoka shuleni kwenda kwa wazazi wao. Chandarua hicho ni cha kulalia. Na familia ikihamia kwenye kibanda cha shamba msimu wa kilimo, chandarua nacho kihame.

Je, wajua kwamba watoto wa Newala na Tandahimba waliisaidia dunia kujifunza kuhusu kinga ya malaria? Katika miaka ya 2000, Taasisi ya Afya ya Ifakara na washirika wake walifanya utafiti katika wilaya hizo pamoja na Nachingwea, Ruangwa na Lindi Vijijini. Watoto wachanga walipewa dawa ya malaria ya SP walipoletwa kupata chanjo, ili ijulikane kama kinga hiyo inawezekana katika vituo vya kawaida vya vijijini.

Je, wajua kwamba si kila homa ni malaria? Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidoleni, na majibu hupatikana kwa takriban dakika 15 hadi 20. Malaria ikionekana, mtoto hupewa dawa mseto kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Dawa iende pamoja na ziwa la mama, maziwa au chakula chenye mafuta, maana mafuta huisaidia kuingia mwilini. Akiitapika ndani ya nusu saa, apewe dozi nyingine. Akichangamka siku ya pili, usiweke vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa ijayo wala ya mdogo wake.

DEGEDEGE

Je, wajua kwamba degedege ni dalili ya ugonjwa, na hospitalini inatibika? Wazee wengi walifundishwa kuwa mtoto amepitiwa na ndege au shetani, na kwamba sindano itamuua. Imani hiyo imepeleka watoto wengi kwa mganga wakati malaria ikipanda kichwani. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kushtuka kwa sababu ya homa kali tu, lakini mtetemo huohuo unaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Wenye vipimo wataweza.

Je, wajua cha kufanya dakika ileile? Mlaze chini kwa ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumuumiza, na angalia saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe dawa wala maji, usimfukize moshi. Mtikisiko ukizidi dakika 5, au ukirudi, ni dharura. Hata ukikoma wenyewe, safari ya kituoni ni siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba sindano ya artesuneti imethibitishwa kuokoa watoto wengi zaidi wa Afrika kuliko kwinini? Utafiti uliotangazwa mwaka 2010 ulihusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9, Tanzania ikiwemo. Vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano. Lakini sindano humfaa aliyefikishwa.

MAJI NA TUMBO

Je, wajua kwamba shida ya maji ya Newala iliandikwa vitabuni zaidi ya miaka mia iliyopita? Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alieleza jinsi watu wa juu walivyoteremka mabondeni kuchota maji. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950. Hata hivyo bomba likikauka, mama bado huhesabu ndoo, na kunawa mikono huwa kwa kwanza kuachwa. Kama maji ni machache, yawekee akiba nyakati mbili: baada ya choo, na kabla ya kumlisha mtoto.

Je, wajua kwamba mtoto anayeharisha hufa kwa kukaukiwa maji na chumvi, si kwa kinyesi chenyewe? Ndiyo maana kumnyima vinywaji ili "tumbo likauke" ni kumwongezea hatari. Mnyweshe zaidi, na ziwa la mama lisikatwe.

Je, wajua namna ya kuchanganya ORS, dawa ya pakiti ya kumrudishia mtoto maji na chumvi? Pima lita 1 kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya maji ya dukani ya lita moja inatosha kuwa kipimo. Mimina pakiti yote, usigawe nusu ya leo na nusu ya kesho. Koroga mpaka iyeyuke. Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogokidogo, na kila akiharisha aongezewe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea taratibu. Ikipita saa 24, mwaga utengeneze mpya. Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote sawasawa bila kilima, katika lita 1 ya maji safi vitamshikilia mpaka mfike kituoni.

Je, wajua kwamba ORS inaye mwenzake? Vidonge vya zinki, kwa siku 10 hadi 14, hufupisha kuhara na kupunguza uwezekano wa kurudi karibuni. Kuhara kukikoma siku ya tatu, zinki inaendelea.

Je, wajua dalili za kukaukiwa? Utosi umebonyea, macho yameingia ndani, analia bila machozi, mkojo umekuwa haba. Ukiifinya ngozi ya tumbo na kuiachia, inarudi polepole. Ukiona hivyo, au damu kwenye choo, usimalizie siku nyumbani.

Je, wajua kwamba "meno ya plastiki" hayapo? Kinachong'olewa kwenye fizi za mtoto mwenye homa na kuhara ni chipukizi la jino lake halisi. Chombo kichafu humwachia kutokwa damu, usaha, pengine pepopunda, na jino linaweza lisiote tena. Ugonjwa uliomleta unabaki palepale, na siku imeshapotea.

Je, wajua kwamba kukojoa damu si hatua ya kawaida ya mvulana kukua? Ni dalili ya kichocho, anachokipata kwenye mabwawa na mito yenye konokono. Dawa yake ni prazikwanteli, na hutolewa pia shuleni katika kampeni.

KIFUA NA SIKIO

Je, wajua kwamba unaweza kuigundua nimonia kwa saa ya simu? Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mpakate, inua fulana yake, tazama tumbo likipanda na kushuka. Kila likipanda, hesabu moja, kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kisha tazama chini ya mbavu: kama panaingia ndani anapovuta pumzi, usisubiri kuche.

Je, wajua kwamba kimeo hakisababishi kikohozi sugu? Kila mtu anacho, na kukikata hakutibu kitu. Kumewaletea watoto kutokwa damu kwingi na maambukizi. Kikohozi kinachozidi wiki 2 kinahitaji kupimwa kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa.

Je, wajua kwamba mafua ya kawaida hayahitaji antibayotiki? Huisha yenyewe. Mtoto aliyetimiza mwaka 1 anaweza kutulizwa koo kwa kijiko cha asali. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli.

Je, wajua kwamba dawa ya maji ya kikohozi isiyo salama inaweza kuua? Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi, na vifo hivyo vikahusishwa na dawa za maji zilizochanganyika na kemikali ya viwandani. Usinunue ya mnadani. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, baada ya mtoto kuonwa.

Je, wajua kwamba sikio linalotoa usaha halitiwi mafuta ya taa, maziwa ya mama wala majani yaliyokamuliwa? Sokota kitambaa safi laini, kausha usaha, tupa, rudia mpaka kikauke, na mpeleke akapate dawa. Sikio lililoachwa hupoteza usikivu, na mtoto asiyesikia darasani huonekana mvivu bure.

Je, wajua kwamba salfa inayookoa maua ya mkorosho huwasha macho na kubana kifua cha mtoto? Msimu wa kupuliza, watoto wakae mbali na shamba, hasa wenye pumu. Mpulizaji aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mwanawe. Na maganda ya korosho mbichi yana mafuta yanayounguza ngozi: mtoto akijipaka, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi.

CHAKULA

Je, wajua kwamba mwaka 1988, wakati wa upungufu wa chakula, watu wa Masasi walipata sumu kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha? Njaa iliwalazimu kufupisha kazi. Badala ya kuanika makopa siku nyingi, muhogo ulitwangwa na kuanikwa haraka ili unga uliwe siku hiyohiyo. Sayanidi ikabaki ndani.

Je, wajua kwamba sumu hiyo ikiliwa wiki kwa wiki, pamoja na uhaba wa protini, inaweza kuleta konzo? Miguu ya mtoto hukakamaa ghafla na haiponi. Watoto na wanawake wa umri wa kuzaa ndio huathirika zaidi. Konzo imewahi kuonekana mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Je, wajua kwamba kinga yake ni maji na ungo? Lowesha unga wa muhogo, uchanganye, kisha utandaze kwenye ungo au mkeka, unene usizidi sentimita 1. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke kwa mvuke. Songa ugali siku hiyohiyo. Njia hii ilibuniwa na mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, na akina mama wa vijiji vya kusini wamefundishwa kuitumia.

Je, wajua kwamba ugali wa muhogo peke yake hushibisha bila kujenga mwili? Mtoto aliyetimiza miezi 6 aongezewe, pamoja na ziwa la mama, uji wenye karanga au korosho zilizosagwa, mbaazi zilizopondwa, kisamvu, yai au dagaa. Kabla ya miezi 6 ziwa la mama linatosha, bila maji. Bibo tunaloliacha likaoza chini ya mkorosho lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Je, wajua kwamba mtoto anayevimba miguu na uso "hajanenepa"? Ni dalili ya unyafuzi. Utepe wa kupima mkono ukionyesha chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huo ni utapiamlo mkali na unatibiwa hospitalini kama ugonjwa mwingine wowote.

KICHANGA

Je, wajua kwamba maziwa ya kwanza ya manjano ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto? Yasikamuliwe yakamwagwa. Anyonyeshwe ndani ya saa 1 ya kuzaliwa. Kuanzia mwaka 2010 wahudumu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Lindi na Mtwara, Newala ikiwemo, wakiwaelimisha wajawazito juu ya kumtunza kichanga. Tabia za unyonyeshaji ziliboreka, ila vifo havikuonekana kupungua. Elimu ya nyumbani inahitaji kituo chenye mkunga, dawa na vifaa, na wazazi tuna haki ya kukidai.

Je, wajua kwamba kitovu hakipakwi majivu, mafuta, mate wala kinyesi cha mnyama? Kiache kikavu na wazi, au tumia dawa ya klorheksidini kama ulivyoelekezwa na mkunga. Wekundu unaoenea kwenye ngozi, usaha au harufu ni safari ya siku hiyohiyo.

Je, wajua kwamba baridi ya asubuhi za Newala inaweza kumdhuru njiti? Kichanga asiogeshwe mapema. Saa 24 zipite. Mtoto mdogo afungwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Njia hiyo, inayoitwa kangaruu, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978 kwa uhaba wa mashine za joto. Kifua cha baba nacho kinafaa.

Je, wajua namba 115? Ni ya bure, ya mfumo wa m-mama, kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga hadi siku 28. Iandike ukutani leo.

CHANJO

Je, wajua kwamba Lulindi, Masasi, iliipa Tanzania Waziri wa Afya? Daktari Leader Stirling alikuja kutoka Uingereza mwaka 1935 kufanya kazi katika hospitali za misheni za kusini, Lulindi ikiwemo, akawa raia wa Tanzania, na aliiongoza wizara hiyo kuanzia 1975 hadi 1980. Enzi alipoanza, vidonda vya buba viliwasumbua watoto wengi. Leo mzazi kijana hajapata hata kumwona mgonjwa wa buba, na kwa chanjo magonjwa mengine nayo yanaweza kusahaulika hivyohivyo.

Je, wajua ratiba? Akizaliwa: chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14: pepopunda, kifaduro, dondakoo, homa ya ini, nimonia na polio; ile ya kuhara nayo huanza wiki ya 6. Surua na rubela ni miezi 9, na tena miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo wengi huisahau. Ukichelewa, nenda hivyohivyo. Hakuna anayefukuzwa kwa kuchelewa.

Je, wajua kwamba polio haisimami mpakani? Mwaka 2022 virusi vya polio vya asili vilithibitishwa Malawi, kisha Msumbiji, nchi tunayoitazama kutoka Newala ng'ambo ya Ruvuma. Tanzania ikaendesha kampeni za matone. Mtoto anayevuka mto na mama yake anahitaji kadi iliyokamilika.

Je, wajua kwamba Juni na Desemba ni miezi ya vitamini A na dawa za minyoo? Vitamini A hulinda macho na kupunguza makali ya surua.

LA KUKARIRI

Je, wajua kwamba Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kutumia mwongozo wa kuchunguza hali yote ya mtoto badala ya dalili moja? Utafiti uliolinganisha wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji na zile za Kilombero na Ulanga, uliotangazwa mwaka 2004, ulikuta vifo vya watoto vikiwa chini kwa asilimia 13 palipotumika mwongozo huo.

Je, wajua dalili nne za hatari katika mwongozo huo? Hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Amepata degedege. Amelegea sana au haamki. Kwa kichanga ongeza mwili wa moto au wa baridi. Moja tu inatosha kukuondoa nyumbani, hata kama baba mwenye nyumba yuko safarini, hata kama fedha haijapatikana: huduma kwa mtoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali ni bure kisera.

Je, wajua kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa Tanzania, waliofariki kabla ya miaka mitano walikuwa 67 katika utafiti wa 2015 na 2016, wakashuka hadi 43 mwaka 2022? Hao 24 waliookoka hawakuokolewa na dawa ya ajabu. Ni chandarua, chanjo, ORS, na wazazi waliowahi. Hao 43 tuliowapoteza, wengi wao waliugua magonjwa uliyoyasoma hapa. Mwanao akionyesha dalili usiku wa leo, mbebe, chukua kadi yake, ondoka.